Si kila anayekonda Bijombo amelishwa karuho

Mtu akianza kutapika kila anapokula, akakonda mpaka suruali ikadai kamba, akalalamika kwamba chakula kinasimama kifuani na tumbo linawaka usiku, hapa kwetu Uvira jibu hutoka kabla hajafika hospitali. Amelishwa karuho. Jibu hilo hutolewa sokoni, hutolewa msibani, hutolewa na shemeji aliyepita kusalimia tu. Mara nyingi halikai bila jina: ni jirani, ni mke mwenza, ni yule mtu wa kabila lile ambaye mgonjwa alikunywa pombe ya kasiksi nyumbani kwake mwaka jana.

Kwa msomaji wa mbali, karuho ni sumu ya polepole ambayo watu wa Kivu ya Kusini huihofu kuliko risasi. Husemekana kuwa inawekwa kwenye kinywaji au chakula na kumla mtu kwa miezi, mpaka abaki ngozi na mifupa. Sitabishana hapa kama ipo au haipo. Sumu zipo, na watu wabaya wapo. Ninachosema ni kwamba dalili za karuho kama wazee wetu wanavyozihesabu, na dalili za kansa ya tumbo iliyochelewa kama zinavyofundishwa vyuoni, ni orodha moja. Kukonda, kutapika, kushiba kwa vijiko viwili, choo cheusi kama lami, maji kujaa tumboni, maumivu yanayorudi hata baada ya dawa. Mahali ambapo hakuna wa kuingiza kamera tumboni akatazama, watu wataisoma orodha hiyo kwa macho waliyo nayo. Hatuna haki ya kuwacheka.

Naichukua Bijombo, kule milimani juu ya Uvira, kwa sababu huko jambo hili limefika ukingoni. Kutoka ufukweni, ambako Ziwa Tanganyika liko meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda mpaka unapita meta 2,000, na kwa sehemu kubwa unapanda kwa miguu. Mgonjwa asiyeweza kutembea anashuka ndani ya kipoyi, mabegani mwa vijana wanaopokezana, njia ikiteleza na wingu likiwa usoni. Huko wanaishi Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu, Bavira na Babembe. Tangu mapigano yalipopamba moto mwaka 2018 na 2019, vijiji vimechomwa upande huu na upande ule, ng'ombe wamenyang'anywa kwa maelfu, vituo vya afya vimeporwa, na watu wamesongamana pale walipoona kuna afadhali ya usalama. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walifunga kazi yao Kivu ya Kusini mnamo Juni 2024.

Katika nchi ya namna hiyo, kusema "amelishwa" ni zaidi ya kuutaja ugonjwa. Ni kumtaja mkosaji. Mzee akifa akiwa amekonda, na kwenye matanga likatajwa jina la mtu wa ng'ambo ya mto, kuna kijana pale anayesikiliza na kuhifadhi. Wanaoandika ripoti za amani hutaja ardhi, malisho, utawala na bunduki, na wana haki. Sijaona wakitaja kipimo cha tumbo. Mimi naamini daktari wa kansa za tumbo, akipewa kamera yake na mtu wa kumsomea kipande cha nyama, angefuta tuhuma nyingi ambazo mkutano wowote wa wazee usingeweza kuzifuta, kwa sababu angekuwa na jibu la kuonyesha: hiki hapa ndicho kilichomla.

Na si kwamba kansa ya tumbo ni ngeni milimani. Mwaka 1962 Johannes Clemmesen wa Denmark, pamoja na wenzake Maisin na Gigase, walitoa ripoti ya awali juu ya kansa katika Kivu na Ruanda-Urundi. Baadaye Denis Burkitt, yule daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye jina lake limebaki kwenye kansa moja ya watoto, aliziomba hospitali za Afrika Mashariki na Kati zimpelekee hesabu za kansa walizokuwa wakiziona. Nyingi zilikuwa za misheni, na taarifa ziliandikwa kwa kalamu na wauguzi na madaktari waliochoka. Hesabu za enzi hizo zilionyesha kansa ya tumbo ikijikusanya kwenye nyanda za juu, kuzunguka Kilimanjaro na kwenye milima ya Maziwa Makuu. Kwa hiyo taarifa tunayo tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuigeuza huduma.

Kisa cha ugonjwa wenyewe kinajulikana vizuri. Mwaka 1982 Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, waliikamata bakteria inayoishi ndani ya tumbo la binadamu, ile iitwayo Helikobakta pailori. Marshall aliinywa mwenyewe kuthibitisha kwamba inaleta ugonjwa, jambo ambalo simshauri mtu. Mwaka 1994 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa kansa liliiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya kansa, na mwaka 2005 hao wawili walipewa tuzo ya Nobel. Watu wengi wa Afrika huipata utotoni, kwenye nyumba yenye watu wengi na maji machache. Wengi wanaishi nayo mpaka kufa bila tabu. Kwa wachache inachoma ukuta wa tumbo taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka chembe zinabadilika. Safari hiyo huchukua miongo. Maana yake kuna miongo ya kuizuia, kwa antibiotiki mbili na omeprazoli kwa majuma mawili.

Hapo wataalamu wa nje walikutana na kitendawili. Mwaka 1992 daktari mmoja aitwaye Holcombe alikiita fumbo la Afrika: bakteria imejaa, kansa ya tumbo inaonekana chache, kwa nini? Watu waliandika sana kulitatua. Wengine walisema ni minyoo, wengine chakula, wengine aina ya bakteria. Kisha mwaka 2005 Agha na Graham wakazipitia taarifa za mahali ambapo kamera za tumbo zilikuwa zimetumika kweli, wakasema fumbo lenyewe ni la mashaka, kwani kansa huonekana pale anapokuwepo wa kuitazama. Mimi si mtafiti, lakini nimeishi karibu na ziwa hili vya kutosha kujua kwamba mgonjwa asiyepimwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa huonekana kama hakuwepo.

Upo mfano mmoja wa mbali ambao kila mtu wa Bijombo angeuelewa bila kufafanuliwa. Kusini mwa Kolombia kuna mji wa milimani uitwao Túquerres na mji wa pwani uitwao Tumaco. Bakteria ni ileile kwa kiasi kilekile katika miji yote miwili, lakini kansa ya tumbo milimani ni kama mara 25 ya ile ya pwani. Pelayo Correa, mtaalamu wa patholojia aliyezaliwa nchini humo, aliufuatilia ugonjwa huo kwa miongo mingi, na mwaka 2014 watafiti wakaonyesha kwamba sehemu ya jibu iko katika asili ya watu na asili ya bakteria waliyo nayo: zikipishana, madhara yanakuwa makali. Je, kati ya Bijombo na Kalundu, huku ziwani, kuna tofauti ya namna hiyo? Swali ni zuri, na Uvira ni mahali pazuri pa kulijibu, mlima na ziwa vikiwa vimetazamana. Lakini halijibiwi kwa kutazama mlima kutoka ziwani.

Basi tumfuate mgonjwa. Tuseme ni mwanamume wa miaka 50, mchungaji wa ng'ombe ambaye ng'ombe wake hawako tena. Tumbo linamuuma. Anaanza kwa dawa za majani za nyumbani. Haziponyi. Anapewa vidonge kwenye farmasi ya njiani, simetidini au omeprazoli, na hapa pana hila ya ugonjwa wenyewe: anapata nafuu. Omeprazoli humtuliza hata mwenye kansa, kwa muda. Kwa hiyo kila mtu, pamoja na mgonjwa, anasema ni gastriti, ni vidonda vya tumbo, ni mawazo ya vita. Miezi minne inapita. Maumivu yanarudi, kutapika kunaanza, na hapo shemeji anafika na neno lake. Sasa anapelekwa kwa mtaalamu wa karuho, ambaye kazi yake ni kutapisha. Mtu ambaye mlango wa kutokea tumboni umeshazibwa na uvimbe anatapishwa tena, siku hata siku. Anapoteza maji na chumvi za mwili, anadhoofika, na damu ikianza kutoka inachukuliwa kuwa ushahidi kwamba sumu inatoka. Ng'ombe wa mwisho wa ukoo ameuzwa kwa kazi hiyo.

Anapowekwa kwenye kipoyi kuteremshwa Uvira, fedha zimeisha na ugonjwa umefika kwenye ini. Muuguzi anagusa juu ya mtulinga, mfupa wa mbele wa bega la kushoto, na kukuta tezi ngumu. Daktari mzoefu akiigusa tezi hiyo hunyamaza kidogo.

Hayo ndiyo yanayoitwa katika mikutano tofauti za kiafya. Neno hilo kwangu ni la upole mno. Duniani mwaka 2022 walipatikana wagonjwa wapya wa kansa ya tumbo karibu 970,000, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa 660,000 hivi. Wajapani nao wana kansa hii kwa wingi, pengine kwa wingi kuliko sisi. Lakini Japani mtu huingiziwa kamera akiwa mzima, hukutwa na kidoa kidogo, kidoa kinakatwa kwa kamera hiyohiyo, naye anarudi kazini. Na tangu Februari 2013 bima yao ya afya hulipia dawa za kuiua bakteria kwa mwenye gastriti ya bakteria hiyo. Wanaopatikana mapema namna hiyo, zaidi ya tisa katika kila kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Ugonjwa ni uleule. Kilichotofautiana ni siku ambayo mtu wa kwanza alitazama ndani.

Watu wanapofikiri kazi ya daktari wa kansa za tumbo, wanafikiri kisu na dawa za mishipani. Hizo zipo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kujibu maswali matatu: hiki ni nini, kiko wapi, kimesambaa hadi wapi. Katika hospitali kubwa ya Ulaya maswali hayo hujibiwa na watu watano au sita waliokaa meza moja, mtu wa kamera, mtu wa darubini, mtu wa picha, mpasuaji, mtu wa dawa, na sasa hata mtu wa lishe. Kwetu daktari ni mmoja, na huyohuyo ndiye anayezalisha akina mama kwa kisu usiku na kutibu majeraha ya risasi asubuhi. Akiwa na ekografi, mashine ya picha za mawimbi ya sauti, anaweza kuona maji tumboni na madoa kwenye ini. Tumbo lenyewe ekografi hailisomi vizuri. Inabaki fibroskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera unaopita mdomoni, na baada ya fibroskopi inabaki darubini.

Kisha kuna kazi nyingine ambayo haimo kwenye vitabu vya upasuaji, nayo ni kusema kweli. Nani aambiwe? Huku kwetu ugonjwa mzito huambiwa ukoo kabla ya mgonjwa, na mara nyingi ukoo humwomba daktari asimwambie. Daktari kutoka ng'ambo angeliona hilo kuwa kosa la maadili. Mimi sina hakika. Nimeona wagonjwa waliojua kila kitu na kuuacha ukoo uendelee kudhani hawajui, kwa heshima. Lakini kuna jambo moja ambalo daktari hapaswi kulificha kwa ombi la mtu yeyote: kwamba hii si sumu. Aliite ugonjwa, aliite donda baya, aliite atakavyo mbele ya mgonjwa. Mbele ya watoto wake wa kiume aseme waziwazi kwamba hakuna mtu aliyemtilia kitu. Hiyo nayo ni tiba, na haigharimu dola hata moja.

Wasemao kwamba kazi hii haiwezekani katika nchi maskini, niwapeleke Bomet, magharibi mwa Kenya. Huko ugonjwa unaowamaliza watu ni kansa ya umio, njia ya chakula, ambayo katika Afrika imejipanga kutoka Ethiopia kuteremka Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na ambayo Bomet huwapata hata vijana wasiofika miaka 30. Hospitali ya misheni ya Tenwek haikungoja mashine za mionzi. Daktari Russell White na wenzake walianza kuwatia wagonjwa mirija ya waya inayotanuka, ili aliyeshindwa kumeza hata mate aweze kunywa uji na kuongea na watu wake. Baadaye walichapisha hesabu za wagonjwa hao. Kisha wakageukia upande wa pili, wa wazima. Daktari Michael Mwachiro na wenzake waliwachunguza watu 305 wasio na dalili yoyote, wakawakuta karibu watu 14 katika kila 100 wana chembe zilizoanza kuharibika. Hesabu hiyo ilitoka wilayani, kwa watu waliotoka shambani wakafungua kinywa. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la kuamua.

Tukitoka kwenye tumbo tukaingia kwenye ini, hadithi ni fupi na inauma zaidi, kwa sababu hapo chanjo ipo. Virusi vya hepatitisi B viligunduliwa na Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, naye akapata Nobel mwaka 1976. Mtoto anayeambukizwa na mamake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano mkubwa wa kubaki na virusi maisha yake yote, na kufika utu uzima na ini lililoharibika. Kongo mtoto hupewa chanjo hiyo ndani ya ile ya magonjwa matano, akianzia wiki ya sita. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Sasa mhesabu mtoto aliyezaliwa nyumbani, Bijombo, mwezi wa mvua, kituo cha karibu kikiwa kimeporwa. Wiki ya sita yenyewe ni bahati. Ongeza mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu na kuota ukungu wenye aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 Ukambani nchini Kenya mwaka 2004 kwa mkupuo mmoja, na ambayo kwa kiasi kidogo cha kila siku hushirikiana na virusi hivyo kulitia ini kansa. Hapo ndipo ningekubali neno kulishwa sumu. Lakini aliyelisha ni ghala bovu.

Kuna mipaka pia. Ramani ya kansa haina mipaka ila matibabu yanayo. Rwanda ilifungua kituo cha kansa cha Butaro mwaka 2012, kwenye milima ya Burera, na mwaka 2019 ikaanza tiba ya mionzi Kanombe, Kigali. Kwa macho ya ndege si mbali na Uvira. Kwa mtu mwenye tezi begani ni dunia nyingine. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, kwa hiyo kupitia Bujumbura hadi Kigali kukakatika. Februari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Bukavu, na mstari wa mapigano ukakaa kwenye bonde la Ruzizi, kwenye barabara ileile ya kupandia Bukavu na hospitali zake, Panzi ikiwemo. Desemba mwaka huohuo vita vikaingia Uvira yenyewe. Ukitaka Dar es Salaam, kwenye taasisi ya kansa ya Ocean Road, uvuke ziwa mpaka Kigoma kisha reli ya kilomita 1,250 hivi, ukiwa na hati zako na fedha zako. Wale wanaokimbia kabisa na kuwa wakimbizi huangukia kwenye kamati. Wataalamu walipochunguza maombi ya wakimbizi wa kansa nchini Jordan kati ya 2010 na 2012, walikuta karibu nusu tu ndiyo yaliyokubaliwa, na sababu kubwa ya kukataa ilikuwa kwamba mgonjwa hana matumaini ya kutosha. Kamati haikuwa na roho mbaya. Fedha zilikuwa chache, na aliyechelewa ndiye anayeachwa. Watu wetu huchelewa.

Ndiyo maana sikubaliani na ndugu zetu wa siasa ambao kila uchaguzi ukikaribia huahidi kituo kikubwa cha kansa chenye mashine ya mionzi. Uganda ilikuwa na mashine hiyo Mulago. Ikafa mwaka 2016, na nchi nzima ikakaa bila tiba ya mionzi ya umma mpaka mpya ilipozinduliwa mapema 2018. Hiyo ni Kampala, yenye umeme na mafundi. Mashine ya namna hiyo Uvira, ambako Aprili 2020 mafuriko yalibeba nyumba na mabomba ya maji, ingekuwa sanamu. Ningeomba vitu vidogo zaidi, na ningeviomba kwa ukali zaidi.

Kwanza fibroskopi katika hospitali kuu ya rufaa ya Uvira, ifanye kazi siku maalum kila juma, na watu wawili waliofundishwa kuitumia na kuisafisha. Pili, njia ya vipande vya nyama. Kipande kinachochukuliwa tumboni ni kidogo kama punje ya mchele. Kikiwekwa kwenye formalini kinavumilia safari ambayo mwenyewe asingeivumilia. Butaro ilipoanza, vipande vilipelekwa Boston kusomwa, kisha wakaanza kutuma picha za darubini kwa intaneti. Kwa hiyo mgonjwa wa Bijombo hahitaji kupita vizuizi vyote vya barabarani ili ajulikane ana nini. Kichupa chake kinaweza kupita. Tatu, mpasuaji wa hospitali ya wilaya afundishwe vizuri ile operesheni ya kuunganisha tumbo na utumbo kupita juu ya uvimbe. Haiponyi. Inamrudishia mtu uwezo wa kula kwa miezi aliyobakiwa nayo, na miezi hiyo ni yake.

Nitaambiwa fedha hakuna. Kwa tumbo la Uvira fedha huja, mradi ugonjwa uwe wa haraka. Mji huu unajulikana na wataalamu wa dunia nzima kwa kipindupindu. Watafiti wa London wamefanya kazi hapa kwa miaka, maji ya bomba yameongezwa, na mwaka 2020 watu walichanjwa. Kazi nzuri, na imeokoa wengi. Maji safi hayohayo yatapunguza hata ile bakteria ya tumboni kwa watoto wa watoto wetu. Lakini miradi ya dharura huhesabu miezi sita, nayo kansa inahesabu miaka. Fibroskopi haingii kwenye bajeti ya dharura, na Bijombo imekuwa ya dharura kwa muda mrefu mno kiasi cha kusahauliwa kwamba watu wake nao huzeeka na kuugua magonjwa ya wazee.

Na mofini. Hili ndilo ningelianza nalo kama ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kwa idara ya afya ya jimbo. Kansa ya tumbo na ya kongosho huuma mpaka mtu anajikunja sakafuni. Uganda, tangu Daktari Anne Merriman aanzishe Hospice Africa mwaka 1993, huchanganya unga wa mofini na maji, huutia kwenye chupa za plastiki, na mgonjwa hunywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria yao iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe, kwa kuwa vijijini daktari hayupo. Ni dawa rahisi kwa bei, na inapanda mlima ndani ya mfuko wa muuguzi. Mtu anayekufa kwa maumivu akipiga kelele huacha nyumba inayotafuta wa kulaumiwa. Anayekufa akiwa ametulia, ameongea na wanawe, ameaga, huacha msiba wa kawaida.

Wakubwa wa jimbo wasome haya wakitaka. Wewe uliye Bijombo, Kalundu, Kavimvira au Kiliba, au uliye mbali na unayetumiwa ujumbe kwamba baba anakonda na fedha zinahitajika za mganga wa karuho, nakuomba hivi. Akiwa na zaidi ya miaka 40 na tumbo limeanza kumsumbua upya, akiwa anapungua uzito bila sababu, akiwa anatapika au chakula kinakwama, akiwa anatoa choo cheusi, akiwa amepauka macho, usimpe mwezi mwingine wa omeprazoli na usimtapishe. Fedha za mganga zilipie fibroskopi kwanza, popote inapopatikana. Jibu likija kwamba hakuna kitu, nendeni mkatafute karuho yenu.